Umeme wa Wizi na Boksi Bovu: Amana Tunayoichezea Majumbani



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, leo siandiki juu ya saumu wala juu ya mwandamo wa mwezi. Naandika juu ya kile kiboksi kilichopo nyuma ya mlango wa sebule yako, kilichojaa vumbi na utando wa buibui, ambacho hukikumbuki mpaka taa zizime. Huenda ukauliza, hili nalo linaingiaje katika ukurasa wa dini? Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kisha uhukumu mwenyewe.

Baba yetu, Allah amrehemu, alituachia nyumba moja hapa Kampala. Ni nyumba ya zamani, na boksi lake la umeme lilikuwa ubao uliopigiliwa ukutani wenye fyuzi za waya. Soketi ya jikoni ilikuwa imeanza kunuka plastiki iliyoungua, kwa hiyo tulikubaliana tubadilishe boksi zima kabla ya kugawa mirathi. Tukamwita fundi mwenye kibali.

Kijana yule hakuanza kwa kubomoa. Alizima swichi kuu, akapita chumba hadi chumba na kipimo chake. Taa zote zilikuwa zimekufa, soketi zote zimekufa. Lakini hita ya maji bafuni ilikuwa bado ina umeme. Akarudi kuitazama swichi kuu, imezimwa. Akapima tena: volti 240.

Akatutoa sote bafuni. Kisha akatoka nje akaifuata kwa macho kebo inayotoka kwenye nguzo. Chini ya paa, pale kebo inapoingia ukutani, palikuwa pamezungushwa utepe mweusi. Kutoka hapo waya wa pili uliingia ndani ya ukuta ukaenda moja kwa moja kwenye hita na kwenye jiko, bila kupita kwenye mita na bila kupita kwenye boksi.

Bafu lile ndilo mama yetu aliwaogeshea wajukuu kwa miaka.

Tulikaa kikao cha familia. Kaka mmoja akasema: "Mzee alikuwa Haji. Tukienda kusema tutamwaibisha kaburini. Fundi aukate usiku, apake plasta, mambo yaishe." Mwingine akasema umeme ni ghali, bora uachwe ulivyo. Fundi akasema yeye hawezi kuweka jina lake kwenye kazi ya namna hiyo. Mama alikuwa ndani, yumo katika eda. Akauliza swali moja tu: "Deni la baba yenu mnataka kuligawana au kulilipa?"

Tulikwenda tukaeleza. Tukapigiwa hesabu, tukalipa kutoka katika mali ya marehemu kabla ya mirathi kugawanywa, kama Surat An-Nisaa ilivyopanga kwamba deni hutangulia. Kila mmoja wetu alipata pungufu ya alichotarajia. Kama baba alijua, au kama ni fundi fulani aliyemwambia "Haji, nitakupunguzia bili" naye akaitikia bila kuelewa, hilo analijua Allah. Sisi tulichokiona ni waya, na waya ulikuwa wa wizi.

Naieleza habari hii kwa sababu najua si nyumba yetu peke yake.

WAYA WA WIZI HAUNA MLINZI

Watu wengi husema mambo haya ni mawili: kuna wizi wa umeme, ambalo ni suala la sheria, na kuna usalama wa umeme, ambalo ni suala la mafundi. Mimi nasema ni jambo moja.

Fikiria njia ya umeme. Unatoka kwenye nguzo, unapita kwenye mita, unaingia kwenye boksi. Ndani ya boksi kuna swichi kuu, halafu breka, moja kwa taa, nyingine kwa soketi, nyingine kwa jiko, nyingine kwa hita. Kazi ya breka ni kuulinda waya usibebe mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Katika boksi la kisasa kuna pia kifaa cha kukata umeme unaovuja. Hicho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ikipatikana tofauti ya miliampea 30, yaani ampea 0.03, hukata kabla hujamaliza kusema Bismillah. Tofauti ile maana yake umeme umepata njia nyingine ya kurudi, na huenda njia hiyo ni mwili wa mtoto wako.

Sasa waya wa wizi, kwa kuwa unaikimbia mita, unalikimbia na boksi. Hauna breka. Hauna kifaa cha kukata. Ukizima swichi kuu, wenyewe haujali. Siku hita itakapovuja, hakuna kitu chochote ndani ya nyumba kitakachouzuia. Aliyekuibia uniti za umeme amekuibia na ulinzi wa familia yako, na wewe ukamlipa ujira juu yake.

BOKSI BOVU NALO NI DHULUMA

Usiseme, "Mimi sijaiba, hili halinihusu." Wapo waaminifu wanaonunua tokeni kila wiki, lakini boksi lao ni la kuogofya. Fyuzi imeungua, fundi wa mtaani akatia waya mnene akasema sasa haitaungua tena. Kweli haitaungua. Kitakachoungua ni nyumba.

Tufanye hesabu ndogo, na wanafunzi wetu waifanye pamoja na wazazi. Birika la umeme ni wati 2000. Jiko la koili ni wati 2000. Pasi ni wati 1200. Jumla ni wati 5200. Gawa kwa volti 240, utapata karibu ampea 22. Waya wa soketi wenye milimita 2.5 za mraba, ukiwa umepita kwenye bomba ndani ya ukuta, hubeba takribani ampea 20 kwa usalama. Katika mwezi wa Ramadhani, saa ya kukaribia futari, nyumba nyingi huviwasha vyote vitatu kwenye upande mmoja wa nyumba, tena kupitia kebo ya kuunganisha iliyonunuliwa barabarani. Breka nzima ikiendelea kubebeshwa hivyo inaweza kukata. Fyuzi iliyotiwa waya mnene itanyamaza. Waya ukutani utapata joto siku baada ya siku, plastiki yake itakauka na kupasuka, mpaka siku moja zikutane nyaya mbili.

Na kuna hesabu ya pili, ambayo wengi hawaijui. Tunaambiwa, "Nyumba yangu ina ethi, sina wasiwasi." Tuseme fimbo yako ya ethi imepigiliwa kwenye udongo mkavu na upinzani wake ni omu 50. Friji ikipata hitilafu na bati lake likaingiwa na umeme, volti 240 gawa kwa 50 ni ampea 4.8. Fyuzi yako ni ya ampea 15. Haitakatika! Friji itabaki na umeme kwenye bati, ikimngoja atakayeshika mlango akiwa miguu mitupu, ametoka kutawadha. Kifaa cha kukata umeme unaovuja kingekata kwa ampea 0.03. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake hakubali kukuwekea boksi jipya bila kifaa hicho, na ndiyo maana yule wa bei rahisi hukitoa kwenye orodha ili apate kazi.

Mtume (s.a.w.) alipopata habari ya nyumba iliyoungua Madina usiku na watu wake wakiwemo, aliwaambia maswahaba kwamba moto ni adui yao na akawaamuru wauzime wanapolala. Katika hadithi nyingine akataja sababu kwa uwazi kabisa: panya huweza kuuburura utambi wa taa na kuwaunguza wenye nyumba. Tazama, ndugu yangu. Hakusema tu tumtegemee Allah. Alitaja panya, akataja utambi, akaeleza jinsi ajali inavyotokea, akafundisha kinga yake. Leo utambi wetu ni waya, na panya bado wapo darini wakiutafuna. Atakayesema "ajali ni kudra" huku boksi lake linatoa cheche, huyo hajafahamu kudra. Ameamriwa kumfunga ngamia kwanza.

HOJA WANAZOZITOA

Nimezisikia barazani, kwenye harusi, hata ndani ya msikiti. Tuzijibu moja moja.

Wa kwanza husema: "Umeme ni mali ya serikali, na serikali ni sisi, kwa hiyo nachukua changu." Ndugu, mali ya wote ni nzito kuliko mali ya mmoja. Ukimwibia Musa utamwomba radhi Musa. Ukiwaibia wananchi wote utawatafuta wapi siku ya Kiyama? Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba katika safari ya Khaybar mtu mmoja aliuawa kwa mshale, watu wakaanza kumpongeza kwa shahada. Mtume (s.a.w.) akakataa, akaeleza kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamwakia moto. Shuka moja! Mali ya umma! Na huyo alikuwa katika jihadi, si kwenye sebule akitazama televisheni.

Wa pili husema: "Hao ni makafiri, kampuni ya wageni, mali yao si haramu." Hoja hii ilivuma sana hapa Uganda miaka ile ya kampuni ya Umeme, iliyoanza kazi 2005 kwa mkataba wa miaka 20. Mkataba ule ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, na tangu Aprili 1 usambazaji umerudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Je, waliokuwa wakisema hivyo wameziondoa nyaya zao? Hawakuziondoa, maana hoja ilikuwa kisingizio. Na hata zamani haikuwa na mashiko. Usiku wa Hijra, Maquraishi wakiwa wamepanga kumuua, Mtume (s.a.w.) alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) nyuma arudishe amana za watu wa Makka. Watu wanaotaka kukuua unawarudishia amana yao. Sembuse anayekuuzia umeme?

Wa tatu husema: "Bei ni kubwa, sisi masikini." Hili nalikubali nusu. Bei ni mzigo kweli, na wanaopanga bei waambiwe bila kuogopwa. Lakini angalia ni nani hasa wanaoiba. Mjane wa chumba kimoja mwenye balbu mbili hana cha kuiba. Nyaya za kuikimbia mita utazikuta kwenye hita, kwenye jiko, kwenye mashine ya kuchomelea, kwenye kinu cha kusaga. Ni watu wenye uwezo, wanaojificha nyuma ya shida ya masikini. Na umeme unaopotea njiani bila kulipiwa huwa hasara, na hasara huingia katika hesabu ya bei. Mjane huyo ndiye anayekulipia.

Wa nne husema: "Maafisa wenyewe wanaomba kitu kidogo, mfumo wote umeoza." Anayeomba rushwa amelaaniwa na anayetoa amelaaniwa. Kosa lake halikugeuzi wewe kuwa huna kosa. Nenda na mwenzako, dai risiti, andika barua, ngoja. Kungoja wiki mbili gizani ni afadhali kuliko kungoja hukumu.

Na sheria nayo haikulala. Sheria ya Umeme ya 1999 ilirekebishwa mwaka 2022, na adhabu za wizi wa umeme na uharibifu wa miundombinu zikapandishwa sana. Lakini mimi sikuandikii ili uogope polisi. Mwislamu anayeacha wizi kwa kuogopa polisi tu ataurudia polisi wakilala.

KWA WENYE NYUMBA ZA KUPANGISHA

Sasa naomba Mahaji na Mahajati wenye muzigo, zile nyumba za chumba kimoja kimoja, wasogee karibu.

Una vyumba kumi na mita moja ya Yaka. Uniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa bei nafuu kuliko zinazofuata, ili mwenye matumizi madogo asaidike. Kila mpangaji angekuwa na mita yake, vyumba kumi vingepata uniti 150 za bei nafuu. Kwa mita moja, wote kumi wanagawana 15, zinakwisha siku chache za mwanzo, kisha masikini wote wananunua kwa bei ya juu. Umewanyima haki waliyowekewa, kwa kuwa hutaki usumbufu wa kuomba mita.

Halafu unawatoza kiwango sawa, mwenye balbu moja na mwenye friji. Au unafunga vimita vidogo vya dukani ambavyo hakuna aliyevipima usahihi wake, unaweka bei yako mwenyewe, na hauwaambii ulinunua kwa kiasi gani. Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa onyo kwa wanaopunja vipimo, wanaotaka watimiziwe wanapopokea na wanaopunguza wanapowapimia wengine. Tunaisoma kwenye swala, tukidhani inamhusu muuza mchele wa sokoni. Mita ni kipimo! Anayeichezea mita anachezea mizani. Ikiwa unaongeza chochote juu ya bei uliyonunulia, wapangaji wakijulishwa na kuridhia tangu mwanzo ni jambo moja. Kuwaficha ni ghushi.

Na kibaya zaidi, nyaya za vyumba vyote kumi zimefungwa pamoja kwenye breka moja, au hakuna breka kabisa. Chumba cha tatu kikipata shoti, watoto wa chumba cha saba wanaungua. Kanuni ya dini yetu, iliyomo katika Arubaini ya Imam Nawawi, ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kodi unaipokea tarehe mosi. Madhara nayo nani atayapokea?

KWA KAMATI ZA MISIKITI NA MADRASA

Sisi tunachangisha minara, mazulia na vipaza sauti. Mara ngapi umesikia mchango wa kubadilisha boksi la umeme la madrasa ya bweni? Watoto sitini wanalala chumba kimoja, mlango mmoja, madirisha ya nondo, soketi moja inayolisha pasi na chaja ishirini. Msikiti umeongezwa feni, taa za Ramadhani, pampu ya maji ya udhu, lakini boksi ni lile la siku ulipofunguliwa, ulipokuwa na balbu nne. Na katika baadhi ya misikiti, ukweli usemwe, umeme wa pampu haupiti kwenye mita, na kamati inajua. Wanasema ni kwa ajili ya Allah. Allah ni mwema, na hapokei ila kilicho chema.

Maimamu wetu, tunawaheshimu na tunawapenda. Tunawaomba khutba moja tu kwa mwaka juu ya jambo hili. Msingoje jeneza.

BASI TUFANYE NINI?

Anayekusudia kubadilisha boksi la nyumba yake azingatie haya:

1. Tafuta fundi mwenye kibali. Hapa Uganda vibali vya mafundi wa nyaya hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Umeme, ERA, kwa madaraja. Mwombe akuonyeshe kibali, uangalie jina na tarehe ya mwisho. Wale tunaowaita kamyufu, wasio na kibali, achana nao hata kama ni jamaa zako. Imepokewa katika Sunan kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara, na wanazuoni wameipitisha hukumu hiyo kwa mafundi wengine. Lakini dhamana yake haitamfufua mtu.

2. Hesabu mzigo kabla ya kununua boksi. Andika kila kifaa na wati zake, vilivyopo na unavyotarajia. Kwa kawaida taa huwekewa breka ya ampea 6 au 10, soketi ampea 20 au 32 kulingana na unene na mpangilio wa waya, jiko na hita kila kimoja breka yake. Breka hufuata uwezo wa waya. Usikubali breka kubwa iwekwe "ili isikate kate". Breka inayokata inakwambia kitu, itafute sababu.

3. Usiguse mita wala sili yake. Mita si mali yako, umeaminiwa tu, na hii ndiyo maana ya amana. Tena nyaya zinazotoka kwenye mita kwenda kwenye swichi kuu hubaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa. Fundi anayekwambia "nitakata sili, nitabadilisha haraka, hakuna atakayejua" anacheza na roho yake na jina lako. Shirika liombwe likate umeme kwanza, na likague na kufunga sili kazi ikiisha. Pata maandishi ya kila hatua.

4. Dai vipimo. Kabla umeme haujarudishwa, nyaya zipimwe kwa kipimo cha volti 500, na upinzani usipungue megaomu 1. Ethi ipimwe. Kifaa cha kukata umeme unaovuja kijaribiwe. Fundi akuandikie cheti cha kumaliza kazi chenye jina na nambari ya kibali chake. Asiyetaka kuandika jina lake anajua kwa nini.

5. Wafundishe watu wa nyumbani. Mama, watoto wakubwa na binti wa kazi wajue swichi kuu ilipo na jinsi ya kuizima. Kitufe cha majaribio cha kile kifaa kibonyezwe kila baada ya miezi michache, kisipokata, kibadilishwe. Na wajue kwamba hakimwokoi mtu aliyeshika nyaya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kuchezea.

6. Ukinunua au kurithi nyumba, fanya kama alivyofanya yule kijana: zima swichi kuu, fundi apime kila mahali. Kitakachobaki na umeme kikuulize maswali. Mita zote za tokeni za mfumo huu, iwe Yaka ya Uganda, LUKU ya Tanzania au Cash Power ya Rwanda, zilitakiwa kuingizwa kodi mbili za tarakimu 20 kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, la sivyo zisingepokea tokeni mpya. Ukikuta mita ambayo haikuingizwa kodi hizo, na taa za nyumba bado zinawaka, usishangae sana. Tafuta waya.

7. Aliyekwisha kuiba, atubu. Na toba ya haki ya watu haikamiliki kwa istighfari pekee. Ni kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kuirudisha haki. Nenda ueleze, ulipe. Mtu akisema ataaibika, aibu ya ofisini hukaa siku moja.

KWA WANAFUNZI

Vijana wetu wa vyuo na sekondari, mnajaza fomu za sheria na biashara, na wengi mnahitimu mkakaa nyumbani. Mtaa mzima hauna fundi Mwislamu mwenye kibali, mpaka tunaangukia kwa kamyufu. Wanazuoni wamezihesabu fani ambazo jamii haiwezi kuishi bila hizo kuwa ni fardhi kifaya. Wasipopatikana wa kutosha, dhambi ni ya wote. Yule kijana aliyeiokoa familia yetu hakuwa sheikh. Alikuwa na kipimo mkononi na uoga wa Allah moyoni, akakataa pesa ya kunyamaza tuliyokuwa karibu kumpa. Mimi namhesabu kuwa alitoa mawaidha bora niliyosikia mwaka ule.

Ndugu yangu, leo usiku kabla ya kulala nenda ukalifungue lile boksi. Usiguse kitu, tazama tu, unuse. Kama pana weusi, kama pana harufu, kama pana waya usiojua unakokwenda, basi ujumbe umekufikia.

Allah (s.w.) atuhifadhi sisi na watoto wetu, atutakasie chumo letu, na awarehemu wazazi wetu waliotangulia na awasamehe wasiyoyajua na waliyoyajua. Aamin.

Wabillahi tawfiq.